Bwawa la Mama Mkwe Lilipotakata

Mama mkwe wangu alikuwa akipima bwawa lake kwa mkono. Kila asubuhi, hata chai hajanywa, anashuka nyuma ya nyumba yake kule Nsemulwa, anakunja mkono wa gauni, anachuchumaa ukingoni na kuuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Akikiona kiganja chake kule chini, anasema maji yana njaa, na anakwenda kuyamwagia samadi ya mbuzi. Kiganja kikipotea ndani ya ukijani, anaridhika, anarudi kupuliza moto. Kipimo hicho cha mkono alifundishwa na marehemu baba mkwe, aliyelichimba bwawa lile kwa jembe na sururu baada ya kustaafu, akaweka perege ndani yake, na akawa anawasimulia watu habari za hao perege kuliko alivyosimulia habari zetu sisi wanawe.

Ukijani ule ndio mwani. Msifikirie ule wa baharini unaoanikwa kwenye kamba. Huu wa maji baridi ni mdogo mno, ukiuchota kwenye kiganja huuoni mmoja mmoja, unaona rangi tu. Perege wanaula, vidudu vya majini vinaula na perege wanavila hivyo vidudu, na jua likiwaka ni huohuo mwani unaowatolea samaki hewa ya kupumua. Bwawa la kijani ni bwawa lenye chakula na lenye pumzi.

Haya nayajua kwa sababu niliyasomea. Mwaka wangu wa mwisho chuoni, mwalimu alinipa utafiti ambao mpaka leo ndugu zangu wanaucheka: kuulisha mwani shaba. Sio shaba ya waya. Ni chembe za shaba zilizofanywa ndogo kuliko vumbi, ndogo kuliko hata huo mwani, kiasi kwamba darubini tuliyokuwa nayo ilikuwa haizioni. Wenye viwanda wanazipenda, maana kitu kikiwa kidogo hivyo kinafanya kazi kwa nguvu kuliko kikiwa kikubwa. Siku hizi wanazitia kwenye rangi za ukuta, kwenye vitambaa, na kwenye dawa za mimea.

Nilipanga chupa zangu dirishani. Ya kwanza sikuitia kitu, ikabaki kijani. Zilizofuata nilizitia shaba, kila moja kwa kuzidisha kidogo, nazo zikafifia kwa mfuatano huohuo, mpaka ya mwisho ikawa nyeupe unaweza kusoma gazeti lililo nyuma yake. Mtu asiyejua angeipenda hiyo ya mwisho. Nilipoweka tone lake chini ya darubini, niliona seli zimejikunyata na kupauka, nyingine zimegandamana kama ugali uliotoka na madonge. Shaba huzing'ang'ania kwa nje, kisha huyeyuka kidogo kidogo na kuingia ndani, na kule ndani huharibu pale mwani unapopikia chakula chake kwa jua. Nilihuzunika, jamani. Nilijiona mjinga kuhuzunikia uji wa kijani, lakini nilihuzunika.

Siku ya kwanza kupelekwa kwa mama mkwe kutambulishwa, aliniuliza nimesomea nini. Nikaeleza kwa heshima zote, nimepiga magoti, kichwa chini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mwanangu, miaka yote hiyo walikuwa wanakufundisha kuua uchafu wa maji?" Nyumba nzima ikacheka. Mimi nilitabasamu kama mkwe anavyotakiwa, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wa biolojia wanalijua hilo, na mume wangu ndiye shahidi mkuu. Kwa hiyo kila tukienda likizo nilikuwa namweleza upya: Mama, hatari ni hii, shaba ile ikiingia majini mwani unakufa, na mwani ukifa samaki hawana chao. Yeye anachambua maharage, anaitikia "ehe, ehe," nami najua kabisa kwamba hanisikilizi.

Baba mkwe alipofariki, likaja suala la mama kubaki peke yake. Mume wangu ni mtoto wa mwisho na ndiye pekee aliyebaki hapa Mpanda, tumejenga Shanwe. Siku ya kuondoa matanga, mbele ya baba zake wadogo na majirani, akamwomba mama yake ahamie kwetu. Mama mkwe alikataa kwa upole. Akasema bwawa la mwenzie bado lina watu ndani yake, akimaanisha samaki, na hawezi kuwaacha. "Likinishinda, nitakuja mwenyewe, hamtanibeba. Kama halijanishinda, mniache." Wazee wakasema ni neno la haki, na mwanawe akalikubali. Kwa hiyo tangu siku ile kila mtu kwenye ukoo alijua: bwawa likifa, mama anahama.

Mnielewe vizuri. Nampenda mama mkwe wangu. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja na kugawana naye jiko ni jambo lingine. Huyu ni mwanamke anayenusa sufuria ambalo limeshaoshwa. Kwa hiyo nilikuwa naliombea bwawa lile maisha marefu, na sababu zangu hazikuwa za kitakatifu.

Sasa kwetu kuna jumuiya. Ni familia za Kikatoliki za mtaa mmoja, tunasali nyumba kwa nyumba kila wiki, na mara moja kwa mwaka, siku ya mtakatifu somo wetu, yule ambaye jumuiya imeitwa kwa jina lake, padri anakuja kusoma Misa kwenye nyumba mojawapo. Nyumba ikishapangiwa Misa ya somo, mwenye nyumba halali. Ukuta unapakwa chokaa, ua unafagiliwa mpaka ardhi inang'aa, choo kinamwagiwa majivu na dawa, hata kuku wanafungiwa wasije wakaaibisha. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Kwetu mwenyeji huwa anaumwa mgongo kwanza.

Mwaka huu ninaousimulia, kwenye jumuiya ya Nsemulwa zamu ilikuwa ya mama mkwe. Na mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, alikuwa ameshapita kukagua. Alizunguka nyuma ya nyumba, akalitazama bwawa, akasema, "Dada, kila kitu kizuri, ila hili lidude la kijani padri akiliona atafikiri ni la choo." Alisema kwa utani. Lakini mama mkwe wangu si mtu wa kuambiwa neno choo karibu na nyumba yake akalala usingizi.

Mimi hayo sikuyajua. Nilijua tu kwamba siku ya Misa nilitakiwa kufika mapema kusaidia kupika. Nikafika, nikamwamkia shikamoo, nikaweka mzigo wa mchele jikoni, nikatoka nyuma kutafuta kuni. Nikalikuta bwawa limetakata.

Maji yalikuwa meupe mpaka chini. Niliuona udongo wa sakafuni, niliona jiwe, niliona nyayo za zamani za mtu aliyeingia kuvuta nyavu. Na niliwaona perege wote, ambao miaka yote tulikuwa tunawajua kwa kusikia wakichupa tu. Walikuwa wamekuja juu, wamepanga midomo yao usawa wa maji, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga. Hii ilikuwa chupa yangu ya mwisho, safari hii ina ukubwa wa chumba.

Akina mama wa jumuiya walikuwa wameshaanza kufika, nao wakaja kushangaa. Mwenyekiti akapiga vigelegele. "Hongera dada. Haya ndiyo maji sasa. Hebu ona na samaki wamekuja kuchungulia Misa." Wakacheka wote. Mama mkwe alisimama kati yao na kitenge chake kipya, anajifanya hana habari, lakini nilimwona jinsi shingo ilivyonyooka. Tangu afiwe sikuwahi kumwona vile. Na mimi ndiye niliyekuwa najua kwamba samaki wale hawachungulii Misa, wanatafuta hewa.

Utamwambiaje mama mkwe wako jambo kama hilo mbele za watu? Kwetu haiwezekani. Nilingoja, nikamwomba anionyeshe chumvi iliko, akanifuata jikoni akinung'unika kwamba chumvi iko palepale ilipo siku zote.

"Mama, bwawa umelifanya nini?"

"Limependeza, sivyo?"

"Umelitia nini, Mama?"

Akainama, akatoa kopo nyuma ya mtungi. Ilikuwa dawa ya ukungu wa nyanya, aina mpya, inauzwa kwenye maduka ya pembejeo ya Kashaulili. Nikasoma maandishi ubavuni. Shaba, chembe ndogondogo sana, hushika jani vizuri zaidi, tumia kidogo. Kopo lilikuwa tupu.

"Nililimwaga lote mapema wiki hii," akasema. "Jioni tu moja, asubuhi yake nikaona rangi inakimbia. Kwani si wewe mwenyewe ulisema? Miaka yote unanieleza, shaba ile ndogo inaua ukijani wa maji. Nikasema moyoni, kumbe mkwe wangu alisomea kitu cha maana, ngoja nikitumie."

Miaka yote ile ya maharage na ehe, ehe, alikuwa ananisikiliza. Alikuwa ameibeba nusu ya maneno yangu kwa uangalifu mkubwa na kuiweka mahali pazuri, akisubiri siku ya kuitumia, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa na samaki. Nilitaka kulia, nilitaka kumfokea, na nilitaka kumkumbatia, na vyote vitatu mkwe haruhusiwi. Nikamweleza polepole, kwa mara nyingine, kwamba ule ukijani ndio uliokuwa chakula cha samaki na pumzi yao, na kwamba wale waliokuja juu wanakata roho.

Akaketi kwenye kigoda. Hakubisha. Akauliza kitu kimoja tu: "Na wageni?"

Maana yake niliielewa. Kwenye Misa ya somo, mwenye bwawa anavua. Nyavu zilikuwa zimeshaanikwa uani tayari, na mwenyekiti alikuwa ameshamtangazia padri kwamba mchana atakula perege wa hapohapo. Nikamwambia, Mama, samaki hawa wasiliwe. Sijui wamebeba shaba kiasi gani na sitaki kujua kwa kuwalisha watu.

Nje kwaya ilikuwa inajaribu sauti. Kisha akasimama, akajifuta uso kwa pindo la kitenge, akatoka. Nilidhani atawaeleza ukweli, au atanituma mimi. Akasimama mbele yao akasema, "Ndugu zangu, samaki leo hawavuliwi. Tutakula maharage na kuku." Basi. Mwenyekiti akamuuliza kulikoni, na samaki wamewaona wenyewe walivyo wengi. Akajibu, "Nimesema hawavuliwi." Akaingia ndani.

Mnajua wenyewe lililofuata. Misa ilikuwa nzuri, mahubiri yalikuwa marefu, kuku waliliwa, na midomo ikafanya kazi yake. Nikiwa natenga chakula nilisikia kabisa mama mmoja akimwambia mwenzie kwamba wajane wengine wakishiba wanasahau walivyochangiwa msibani. Mchoyo. Mwanamke aliyelitakasa bwawa lake kwa ajili ya kuwaheshimu wageni akaitwa mchoyo na wageni haohao, na akayapokea bila kujitetea, akizunguka na jagi la maji ya kunawa mikono. Niliumia kuliko yeye. Nilikuwa tayari kuiweka sahani chini na kuwapa somo la biolojia wote pale, padri akiwemo, ila alinitazama mara moja tu nikaacha.

Kesho yake perege walianza kuelea matumbo juu. Tuliwazoa kwa beseni na kuwafukia, mimi na yeye, mbali na bustani. Hakulia. Alikuwa anawaweka shimoni kwa kuwapanga.

Mimi sikukubali. Mtu mwenye hasira ana faida moja, hakubali haraka. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mzee mmoja mwenye bwawa la kijani zuri, nikamwomba maji yake. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Nikayabeba kwa ndoo, mwalimu mzima wa sekondari nimebeba maji machafu kichwani napita barabarani, nikayamwaga kwenye bwawa letu kama mtu anayepanda mbegu. Pale nilipomwaga pakawa na wingu la kijani. Mama mkwe alilitazama wingu lile kwa matumaini mpaka nikaona haya. Siku chache baadaye lilikuwa limefifia na kuisha. Nilivyohofia ndivyo ilivyokuwa: shaba haikuondoka na samaki. Iko ndani ya maji, imelala kwenye tope, na kila mwani utakaoletwa utakutana nayo.

Nilimwambia ukweli huo jioni, tumekaa ukingoni. Nikamwambia bwawa litapona, lakini mpaka maji yote yatolewe na tope la juu likwanguliwe, na ni kazi ya mgongo, ya wiki nyingi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema neno nililokuwa nikiliogopa tangu siku ya matanga.

"Limenishinda, mwanangu. Mwambie mwenzio aje anichukue. Nilisema mbele za watu."

Jumamosi mume wangu akaja na toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Alifurahi, simlaumu, ni mama yake na alikuwa na hofu juu yake kila mvua ikinyesha. Tukapakia kitanda, godoro, sufuria, sanduku, picha ya baba mkwe iliyofungwa kwenye shuka. Mama mkwe akafunga mlango, akapanda, akakaa mbele karibu na dereva tuliyemkodi, mikono mapajani. Nilikuwa natazama zile sufuria na kuwaza pa kuziweka kwenye jiko langu.

Ndipo mume wangu akachukua jembe na kushuka nyuma. Alikuwa anataka kuutoboa ukingo maji yaende zake kijitoni, watoto wa jirani wasije wakatumbukia. Nilifungua mdomo kumkataza, lakini mama mkwe aliniwahi. Alishuka kwenye toyo akatembea mpaka pale, haraka kuliko nilivyodhani anaweza.

"Weka jembe chini."

"Mama, haya maji si yamekufa? Yaende tu."

"Yataenda kwa nani? Huko chini kuna mpunga wa watu. Na kijito nacho kina ukijani wake."

Mume wangu akanigeukia mimi, kana kwamba nimemfundisha mama yake usiku kucha. Sikuwa nimemwambia habari za kijito hata kidogo. Alikuwa ameunganisha mwenyewe, kutokana na nusu ile aliyoiacha mwanzoni.

"Sasa nani atayatoa?" mume wangu akauliza.

"Mimi. Kwa ndoo, nayamwaga kule juu kwenye changarawe. Yakiisha nitakuja kwenu."

"Mama, utaumwa. Umeshafanya kazi vya kutosha. Twende ukapumzike."

Mama mkwe akaangalia toyo, akaangalia godoro lake lililofungwa kamba, kisha akamtazama mwanawe, bila ukali.

"Kupumzika kunataka kuwe na kitu cha kupumzikia, baba. Kule kwenu nikiamka asubuhi, nani ananisubiri?"

Mume wangu alibaki ameshika mpini, midomo inatikisika kama anayetafuta hesabu. Watoto wetu wanaamka na kwenda shule, sisi tunaamka na kwenda kazini, na geti linafungwa. Mimi nilikuwa nalijua hilo vizuri kuliko yeye, maana ndiye ninayelifunga. Nikamwona mama mkwe wangu amekaa ndani ya geti lile, mikono mapajani, kila siku, mpaka jua lizame. Sikuwaza tena jiko langu.

Nikamwambia dereva ashushe godoro.